Kiuyu na Kitabu cha Msafiri: Majina ya Mahali kama Hazina ya Historia ya Pemba



1.0 Utangulizi

Awali ya yote naishukuru Idara kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii. Mada niliyoichagua inahusu ardhi ndogo: rasi ya Kiuyu, iliyoko kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Huenda wapo miongoni mwenu watakaojiuliza kwa nini mhadhara mzima utumike kwa mahali ambapo ramani nyingi za nchi hazipataji hata kwa nukta. Jibu langu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kitaaluma, nayo nitaieleza kwa urefu. Sehemu ya pili ni deni langu mwenyewe, na ni vyema nianze nalo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa ningali mkufunzi mchanga, niliombwa nishiriki kuandika kijitabu cha kuwatambulisha wasafiri kwa tamaduni na historia ya sehemu mbalimbali za nchi yetu. Nilipewa Pemba. Niliandika kurasa chache kuhusu karafuu, ngome ya Chake Chake, magofu ya Pujini na ya Ras Mkumbuu, na mchezo wa ng'ombe. Kuhusu Kiuyu niliandika sentensi moja tu, kwamba ni ardhi kavu ya mawe isiyokuwa na jambo la kumvutia mgeni. Baada ya miaka michache nilikwenda Kiuyu kwa shughuli za utafiti wa lahaja. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mvuvi, na mjukuu wake alikuwa na nakala ya kijitabu kile. Mzee aliomba asomewe maneno yahusuyo kwao. Alipokwisha kusikiliza aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, haya uliyaandika ukiwa wapi?" Nikamjibu kwamba nilikuwa Chake. Akasema, "Basi umeandika Chake."

Hakusema zaidi, wala hakunifukuza. Kesho yake alifuatana nami ufukweni tangu maji yalipoanza kupwa hadi yalipoanza kujaa, akinitajia jina la kila mwamba, kila mlango wa maji na kila kisima tulichokipita. Daftari langu lilijaa kabla ya adhuhuri. Pale ambapo mimi niliona mawe, yeye alisoma. Tangu siku ile nimeamini jambo moja, nalo ndilo kiini cha mhadhara huu: kwamba historia ya mahali kama Kiuyu, pasipokuwa na ngome wala hati, imehifadhiwa katika majina ya mahali na katika usemi wa wenyeji, na kwamba anayetaka kumwongoza msafiri bila ya kuyasoma majina hayo atampotosha, hata kama kila neno aliloliandika ni sahihi.

2.0 Wasafiri wa kale na Kisiwa cha Kijani

Kuwaeleza wageni habari za pwani yetu si kazi mpya. Mwongozo wa mabaharia uliotungwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Masihi, ujulikanao kwa jina la Periplus, unataja kisiwa kiitwacho Menouthias. Wataalamu hawajaafikiana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Hata hivyo, mwandishi wake anataja mitumbwi ya gogo moja, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu wanaotega samaki kwa vikapu kwenye milango ya maji. Yeyote aliyewahi kumwona mvuvi wa Pemba akishusha dema baharini hatakosa kuguswa na maelezo hayo.

Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji na kuondoka kisiwa cha Qanbalu mwaka 304 Hijria, yaani takriban mwaka 916, anasema kwamba kisiwani humo wamo Waislamu ambao lugha yao ni ya Kizanji. Kwa mwanaisimu hii ni habari yenye thamani kuu. Wataalamu wengi huihusisha Qanbalu na Pemba, na wengine hasa na Ras Mkumbuu. Karne tatu baadaye Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika katika kamusi yake ya miji kuhusu Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, chenye miji miwili na kila mji una sultani wake. Majina ya miji hiyo aliyaandika kwa namna ambayo tunaweza kuyasoma Mtambi, au Mtambwe, na Mkambalu.

Naomba tusimame kidogo hapa, maana ndipo isimu inapoanza kusema. Al-Masudi aliandika Qanbalu, Yaqut akaandika jina linaloanza kwa herufi ya mim. Ikiwa majina haya mawili ni ya mahali pamoja, kama inavyoaminiwa na wengi, basi katika jina la pili tunaona kiambishi cha ngeli, yaani m-, kikiwa kimeandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwarabu hakuwa na haja ya kuiongeza mim hiyo. Aliisikia kutoka kwa wenyeji au kwa waliofika kwao. Hivyo basi jina la mji, lililoandikwa na mtu aliyekaa mbali na kisiwa, limetuhifadhia kipande cha sarufi ya Kibantu cha karne ya 13. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua huko Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Sarafu zile zilitufundisha mengi kuhusu biashara na watawala. Lakini jina lenyewe lilikuwa limekaa juu ya ardhi muda wote huo, bila ya kuhitaji kufukuliwa.

Wageni wa nyakati za karibu waliandika kwa urefu zaidi. Richard Burton alifika Chake Chake mwanzoni mwa mwaka 1857, na habari za safari yake zikatoka katika kitabu chake kuhusu Zanzibar mwaka 1872. Kapteni Craster, aliyekuja kupima ardhi, alichapisha kitabu kizima kuhusu Pemba mwaka 1913 na katika anwani yake akakiita kisiwa cha viungo. Pearce alifuatia mwaka 1920 na maelezo ya magofu, kisha Ingrams mwaka 1931 na habari za watu na mila zao. Hatuna budi kuwashukuru wote hawa, kwani mengi wameyahifadhi. Ila tukiyafuatilia mapito yao tunaona kwamba wengi wao waliingia kisiwani kwa upande wa magharibi, ambako bandari zina kina na mashamba yana kivuli. Hivyo ndivyo Pemba ilivyoelezwa ulimwenguni: kwa sura ya magharibi yake.

3.0 Magharibi ya karafuu na mashariki ya mawe

Tofauti baina ya pande mbili za Pemba si ya kubuni. Magharibi na katikati ni vilima vya udongo mzito unaofaa karafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu wa zao hilo katika visiwa hivi. Karafuu zilileta mashamba makubwa, na mashamba yalileta watu: wenye ardhi, watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka bara, vibarua, wachuuzi, makadhi na makarani. Palipo na zao la kuuzwa nje pana hati, na palipo na hati mwanahistoria hupata pa kukaa.

Kiuyu haikujaaliwa karafuu. Ardhi yake ni ya maweni, udongo mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na palipo na msitu, kama ule wa Ras Kiuyu, ni msitu uliozoea ukavu na upepo wa bahari. Watu wake waliishi kwa bahari, kwa mtama na muhogo, kwa mifugo, na kwa kupasua mawe na kuchoma chokaa. Katika miongo ya karibuni kilimo cha mwani kimeingia, nacho kwa kiasi kikubwa kimo mikononi mwa wanawake. Kalenda ya watu hawa ni ya pepo na maji: kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu. Wavuvi wa upande huu wa kisiwa, na hasa jirani zao wa Kojani, wanajulikana kwa kwenda dago, yaani kuhamia kwa muda kwenye fukwe za mbali ili kufuata samaki. Watu wa namna hii hawaandikiwi mikataba ya mashamba. Kwa hiyo wanapotafutwa katika nyaraka huonekana kana kwamba hawakuwapo.

Akiolojia imeanza kuirekebisha picha hii. Uchunguzi wa Adria LaViolette, Jeffrey Fleisher na wenzao kaskazini mwa Pemba umeonyesha kwamba huko Tumbe, si mbali na rasi ya Kiuyu, palikuwa na makazi makubwa kuanzia takriban karne ya 7 hadi ya 10, na kwamba mji wa Chwaka uliofuatia katika eneo hilohilo uliendelea hadi kukaribia mwaka 1500. Jambo la kuzingatia ni kuwa katika Chwaka, ambayo msafiri huonyeshwa msikiti wake na makaburi yake ya mawe, watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo. Mawe yaliyosalia ni ya wachache. Anayetembea akihesabu magofu anahesabu nyumba za Mungu na makaburi ya wakubwa. Nyumba za mvuvi na za mke wake zimerejea udongoni.

Basi swali linakuja: ikiwa hakuna hati na nyumba zimeoza, tuwatafute wapi wale walio wengi? Jawabu langu ni kwamba tuanze na kile walichokisema kila siku.

4.0 Kusoma majina

4.1 Majina yenye tabaka mbili

Tukiyatazama majina ya vijiji vya kaskazini na mashariki mwa Pemba tunagundua mpangilio unaojirudia. Kuna Kiuyu Mbuyuni, Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni. Kuna Shumba Mjini na Shumba Viamboni. Kuna Mjini Wingwi, Wingwi Mapofu na Wingwi Njuguni. Kila kundi lina jina moja kuu linalorudiwa, na ubavuni mwake jina la kubainisha. Jina la kubainisha aghalabu hufahamika mara moja kwa msemaji wa leo: mbuyuni ni penye mbuyu, kigongoni ni penye kigongo cha ardhi, mjini ni penye mji. Jina kuu halifahamiki kwa wepesi huo. Hakuna msemaji wa leo anayetumia wingwi au shumba kama neno la kawaida la Kiswahili.

Kanuni ya kitaaluma inayotokana na mpangilio huu ni rahisi. Jina lisilofahamika kwa kawaida ni la kale kuliko lile linalofahamika, kwa sababu majina hutolewa yakiwa na maana, na maana hupotea kadiri lugha inavyobadilika. Kwa hiyo msafiri anayesoma kibao kilichoandikwa Kiuyu Mbuyuni anasoma zama mbili kwa mpigo, kama mtu aonaye ukuta uliojengwa na babu na kupakwa chokaa na mjukuu.

4.2 Jina la Kiuyu

Je, jina la Kiuyu lilikuwa na maana gani? Napenda kutoa dhana, nanyi mtaipima.

Wanafunzi wa isimu linganishi wanajua kwamba sauti b ya Kibantu cha kale, isipotanguliwa na nazali, ililegea katika Kiswahili ikawa w au ikatoweka kabisa. Mzulu husema bona, sisi husema ona. Yeye husema abantu, sisi watu. Mnyarwanda husema umubiri, sisi mwili. Lakini b hiyohiyo ikitanguliwa na nazali ilisalimika, na ndiyo sababu tunasema watu wawili lakini ndizi mbili, mtu mwovu lakini ndizi mbovu. Baadaye, katika baadhi ya maneno, b ilirejea hata pasipostahili kwa mfano wa zile umbo zenye nazali: tunasema ubavu kwa sababu wingi wake ni mbavu.

Sasa tulichukue neno mbuyu pamoja na jamaa zake, ubuyu na kibuyu. Kwa kanuni tuliyoitaja tungetarajia kwamba katika Kiswahili cha zamani mti huu uitwe muyu, na umbo lake lenye kiambishi ki- liwe kiuyu. Umbo la kwanza halijapotea: Unguja kuna kijiji kiitwacho Muyuni, ambacho kwa kanuni hii ni ndugu wa kila Mbuyuni ya pwani. Umbo la pili, kwa dhana yangu, ndilo jina la rasi tunayoizungumzia.

Kama dhana hii ni sahihi, Kiuyu ni ama mbuyu mdogo, ama kibuyu cha kuchotea maji, maana umbo ni moja. Maana zote mbili zinafaa ardhi ile. Mbuyu hustawi penye ukavu na mawe, na maji matamu ni jambo kubwa kwa mkaazi wa maweni. Mimi naelemea upande wa mti, kwa ushahidi wa jina la pili. Watu waliokuja baadaye, ambao b ilikuwa imekwisha kurejea vinywani mwao, hawakusikia tena mti ndani ya jina la Kiuyu. Walipotaka kubainisha kitongoji chenye mbuyu walisema Mbuyuni. Hivyo katika Kiuyu Mbuyuni mti umetajwa mara mbili, kwa Kiswahili cha zama mbili tofauti, na baina ya kutajwa kwa kwanza na kwa pili pana muda wa kutosha kwa wajukuu kusahau neno la mababu.

Tazameni basi kilichomo katika jina la kijiji ambacho mimi nilikiandikia sentensi moja. Kama nimeona sawa, jina hili linatuambia kuwa watu walioipa rasi hii jina walisema Kiswahili, au lugha mama ya Kiswahili, kabla ya mabadiliko yaliyotupa neno mbuyu tulilonalo. Hawakuwa wageni waliopita. Walikuwa wenyeji, na lugha yao ndiyo hii yetu ikiwa kijana.

4.3 Ng'ombe na maziwa

Karibu na Kiuyu kuna Maziwa Ng'ombe, jina ambalo baadhi ya nyaraka huliandika neno moja. Mgeni akilisikia hufikiria papo hapo maziwa ya kunywa, na mwongozaji mvivu humwachia wazo hilo. Lakini neno ziwa lina maana mbili, na wingi wa zote mbili ni maziwa. Huenda jina lilikusudia maziwa yatokayo kwa ng'ombe. Huenda lilikusudia madimbwi ambako ng'ombe hunywa. Tafsiri hizi zinamwongoza msafiri kwenye maswali mawili tofauti kwa mwenyeji wake. Ya kwanza inamfanya aulize kuhusu mifugo na biashara yake, ya pili inamfanya aulize kuhusu mvua, visima na njia za wachungaji katika nchi yenye uhaba wa maji. Vyovyote iwavyo, ng'ombe yumo, na si hapo tu: pwani ya kaskazini kuna mahali paitwapo Mkia wa Ng'ombe, penye magofu ya zamani. Mnyama huyu amechorwa katika ramani ya sehemu hii kwa namna isiyoonekana katika vitabu vinavyoiita Pemba kisiwa cha karafuu.

Hapa pia ndipo pa kuutazama upya mchezo wa ng'ombe, ambao takribani kila kitabu cha wasafiri hueleza kuwa uliletwa na Wareno. Wareno walikuwapo katika pwani hii tangu mwaka 1498, na nguvu yao kaskazini ya Ruvuma ilivunjika Mombasa ilipotekwa mwaka 1698. Walituachia maneno yanayojulikana: meza, bendera, leso, gereza, karata, mvinyo. Anayetaka kuthibitisha kwamba mchezo ni wao na auanze uchunguzi wake kwa istilahi za mchezo wenyewe: jina la kamba, la uwanja, la mchezaji, la nyimbo zinazoimbwa. Kitu kinapohama kutoka taifa hadi taifa mara nyingi huhama na maneno yake. Bila ya uchunguzi huo tunakariri uvumi, nasi mimi na kijitabu changu tuliukariri.

4.4 Tahadhari

Pamoja na hayo niwaonye wanafunzi wangu dhidi ya ulevi wa kutafsiri majina. Chukueni jina la Micheweni. Msikilizaji anaweza kushawishika kulihusisha na samaki chewa, au na miche ya kupanda. Mofolojia inakataa. Kutoka chewa tungepata Chewani, na kutoka miche tungepata Micheni. Umbo Micheweni linadai nomino yenye wingi michewe, na asiyeweza kuionyesha nomino hiyo na maana yake na anyamaze. Vivyo hivyo, anayejua kwamba shumba kwa Kishona ni simba asikimbilie kuwajaza simba Shumba Mjini. Kufanana kwa sauti si udugu. Udugu huthibitishwa kwa kanuni inayofanya kazi katika maneno mengi, si kwa neno moja lililotupendeza.

5.0 Sauti ya mwenyeji

Majina husemwa kabla ya kuandikwa, na namna yanavyosemwa ni sehemu ya historia. Mpemba wa maeneo haya akitaja mtu husema ntu, mti ni nti, mkono ni nkono. Nazali ya kiambishi hufuata mahali pa matamshi pa konsonanti inayofuata. Ni kanuni safi ya fonolojia, isiyo na kasoro yoyote. Lakini nakumbuka darasa moja ambako mtoto aliyeandika nkono alitiwa mkasi mwekundu na kuambiwa hajui Kiswahili. Mtoto yule alikuwa anajua Kiswahili ambacho mwalimu wake hakukijua.

Chanzo cha hali hii tunakifahamu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu na tahajia. Uamuzi huo umetupa lugha inayounganisha mataifa, na siutilii shaka. Tatizo ni pale usanifu ulipogeuzwa kuwa mizani ya utu. Wapo waliotangulia kulitambua hilo. Ingrams aliandika kuhusu lahaja za Zanzibar mwaka 1924, na Whiteley alipochapisha utafiti wake mwaka 1958 alizungumzia, katika anwani yenyewe, lahaja za Pemba kwa wingi, si lahaja moja. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo limejishughulisha na kamusi za lahaja za visiwa. Mwaka 2011 kilitoka kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, chenye tungo za Kamange na Sarahani, kikaonyesha ni kiasi gani cha hazina kinachoweza kukaa katika kumbukumbu na makaratasi ya watu kabla ya kufikiwa na chuo.

Majina ya miamba na visima ya Kiuyu bado hayajapata kitabu chake. Yamo vinywani mwa wazee, hasa wavuvi, na mwa wanawake wanaoijua pwani ya maji kupwa kwa hatua za miguu yao. Wakati huohuo nchi inapimwa. Micheweni ilitangazwa kuwa eneo huru la uchumi tangu mwaka 1992, na fukwe za Pemba zimeanza kutazamwa kwa jicho la biashara ya utalii. Mimi si adui wa hoteli wala wa ajira. Nasema tu kwamba mpimaji huhitaji jina la kuandika katika ramani yake, na asipopewa lililopo ataweka lake. Likishawekwa kwenye ramani na kwenye hati ya ardhi, jina la kale litabaki kuwa kumbukumbu ya watu wachache, kisha litakuwa halipo. Ufukwe ukipoteza jina lake, mwenyeji naye hupoteza mojawapo ya hoja zake za kusema kwamba alikuwapo.

6.0 Msafiri aelezwe nini

Kwa kuwa nilianza na kosa la kitabu, ni haki nieleze kitabu ninachokitamani. Msafiri ninayemkusudia si mgeni wa kutoka Ulaya peke yake. Ni mwanafunzi wa Mwanza, mwalimu wa Mombasa, na hata Mpemba wa Chake ambaye hajawahi kufika Kiuyu.

Kitabu hicho kimweleze kwanza namna ya kuingia: apite kwa sheha wa shehia, ajitambulishe, avae kwa stara, asalimu kabla ya kuuliza. Kimfundishe kwamba pwani hii ina saa zake, na kwamba anayefika maji yamejaa hataona kazi za watu. Kimpe majina kama yanavyosemwa, si kama yalivyoandikwa tu, ili atakapouliza njia aeleweke. Kimwonyeshe Tumbe na Chwaka, lakini kimkumbushe nyumba za udongo zilizoyazunguka mawe. Kisiogope kumwambia kwamba karafuu zilipandwa na kuchumwa pia kwa mikono ya watumwa. Na kila dhana kiiite dhana, pamoja na hii yangu ya mbuyu.

Zaidi ya yote, kiandikwe pamoja na wenyeji. Nawapendekezea wanafunzi wa idara yetu kazi ifuatayo: kila mmoja achague shehia moja ya pwani, akae nayo kipindi kimoja cha kaskazi na kimoja cha kusi, akusanye majina yote ya mahali, aandike matamshi yake, nani kayasema, na kisa gani kimefuatana nayo. Nakala moja ije maktaba na nyingine ibaki skuli ya kijiji. Wale watakaokwenda Kiuyu Mbuyuni na Kiuyu Minungwini wana swali la ziada: jina moja lilifikaje pande mbili za kisiwa? Je, watu walihama na jina lao, au kila upande ulijipatia mbuyu wake?

7.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kuonyesha kwamba sehemu isiyo na ngome haikukosa historia, ilikosa msomaji. Yaqut, bila ya kukusudia, alitunza kiambishi cha lugha yetu kwa kuandika jina kama alivyolisikia. Sisi tulio karibu zaidi, na tunaoifahamu sarufi yake, tuna udhuru gani wa kutofanya hivyo?

Mzee aliyenitembeza ufukweni amekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari langu la siku ile ninalo hadi leo. Nilipolirejea wakati wa kuandaa mhadhara huu niliona kwamba majina kadhaa niliyaandika kwa haraka, m- mahali pa n-, kwa sikio la mtu wa sanifu, na siwezi tena kumwuliza. Mjukuu wake yupo, naye ni mvuvi. Nimepanga kwenda kwake maji ya bamvua yajayo, nimsomee orodha jina baada ya jina, anisahihishe. Kati yenu atakayependa kufuatana nami na aje na daftari lake, na asije na sentensi aliyokwisha kuiandika.